Sarafu ya fedha ya Kichina: ipi uitolee hela, ipi uiache mezani

Kabla ya kuuliza kama sarafu ni ya kweli, uliza fedha iliyomo ina thamani gani leo. Hesabu yake ni fupi. Sarafu kubwa ya Kichina ya zamani, ile ya yuan moja, ina uzito wa gramu 26.7 hivi, na karibu asilimia 89 ya uzito huo ni fedha tupu. Hizo ni gramu 23.7. Chukua bei ya aunsi moja ya fedha katika soko la dunia siku hiyo, igawanye kwa 31.1, kisha zidisha kwa 23.7. Tuseme aunsi ni dola 30: utapata dola 23 kasoro kidogo.

Sasa mtu anayekuuzia sarafu hiyo kwa dola 8 anakuuzia nini? Angekuwa na fedha ya kweli angeipeleka kwa sonara ikayeyushwa, naye akalipwa zaidi ya mara mbili ya hapo bila kumbembeleza mtu. Hakuna mchuuzi, Guangzhou wala Kariakoo, anayeuza mali kwa hasara kwa sababu amependezwa na wewe. Bei ikiwa chini ya thamani ya fedha iliyomo, jibu umeshalipata. Huhitaji sumaku wala lenzi. Endelea na safari yako.

Wanaopigwa zaidi si wakusanyaji wa sarafu. Ni wafanyabiashara waliokwenda Guangzhou au Yiwu kuchukua nguo, vipuri na vyombo vya plastiki, wamemaliza shughuli, mfukoni kuna chenji, na mezani kwa mchuuzi kuna rundo la sarafu nyeusi nyeusi zinazoonekana zimetoka kaburini. Wengine hawajatoka hata nyumbani. Wameona picha kwenye simu, bei inavutia, na wanaambiwa zimebaki tatu. Makundi yote mawili yana tatizo moja: hela ni kidogo na uamuzi unatakiwa sasa hivi. Basi tuamue.

Sarafu utakayokutana nayo mara nyingi ni ya Yuan Shikai, rais wa Jamhuri ya Uchina kuanzia 1912 hadi alipofariki 1916. Ana kichwa cha kunyoa na masharubu, anatazama kushoto, na Wachina humwita kwenye sarafu hii Yuan Datou, Yuan Kichwa Kikubwa. Upande wa pili kuna masuke ya nafaka yaliyozunguka thamani. Ilianza kutengenezwa 1914 na ikatengenezwa kwa mamia ya mamilioni, kwa hiyo ya kawaida si adimu hata kidogo, na asikudanganye mtu kuhusu hilo.

Hii ina kipimo cha bure ambacho hata asiyejua Kichina anakiweza: hesabu herufi zilizo juu ya kichwa. Miaka imeandikwa kwa kuanzia Jamhuri ilipoundwa, na ukitaka kalenda yetu unaongeza 1911. Mwaka wa 3 ni 1914, na sarafu yake ina herufi sita. Miaka ya 8, 9 na 10, yaani 1919, 1920 na 1921, ina herufi saba. Yuan moja ya mwaka wa 4, 5, 6 au 7 haikutengenezwa. Piga picha umtumie rafiki anayesoma Kichina, muulize ni mwaka gani. Akijibu wa 6, rudisha sarafu mezani, tena bila maelezo marefu.

Ya pili ni ya Sun Yat-sen yenye jahazi upande wa nyuma, ya miaka ya 22 na 23, yaani 1933 na 1934. Fedha yake ni asilimia 88. Hapa kuna jambo la kumfaidi mnunuzi: mwaka 1949 viwanda vya Marekani vilitengenezea Uchina sarafu nyingine za jahazi, milioni 30, zikiwa na tarehe ileile ya mwaka wa 23. Kwa hiyo jahazi la mwaka wa 23 lipo tele, na anayekutoza bei ya uadimu anakuibia hata kama sarafu ni halisi. Kununua kitu halali kwa bei ya uongo nako ni kupigwa.

Kuna jahazi la mwaka wa 21, la 1932, lenye ndege watatu juu na miale ya jua. Liliondolewa mapema, Japani ilikuwa imetoka kuivamia Manchuria, na watu waliona kwenye picha ile ndege za vita na jua la Wajapani. Hilo ndilo adimu, ndilo la bei kubwa, na ndilo linaloghushiwa kupindukia. Mchuuzi wa barabarani mwenye vipande vitano vya ndege watatu hana hata kimoja.

Sarafu za joka za enzi ya ufalme, zilizoanza kutolewa kwa wingi katika jimbo la Guangdong mwaka 1890, ni nzuri kutazama na ni mtego mkubwa kwa mgeni. Kila jimbo lilikuwa na lake, kila mwaka una tofauti zake ndogo, na anayeghushi anategemea kwamba wewe huzijui. Kama hela yako ni ya mawazo na hujawahi kushika joka la kweli, liache. Sina la kuongeza hapo.

Halafu kuna Panda, sarafu ya kisasa ya serikali ya Uchina ya yuan 10. Fedha yake ni 999 kwa 1,000, kipenyo milimita 40, upande mmoja panda, upande mwingine Hekalu la Mbinguni la Beijing. Hadi 2015 ya kawaida ilikuwa na aunsi moja kamili, gramu 31.1. Tangu 2016 ni gramu 30, na uzito huo umeandikwa kwenye sarafu yenyewe. Ukiona Panda ya 2018 imeandikwa aunsi moja, huo ni ushahidi wa kutosha kwamba ni feki. Na ukilinganisha bei za Panda mbili, ya zamani na mpya, linganisha kwa gramu, si kwa kipande. Wauzaji wengi wanaziweka bei moja na ile gramu moja na kitu inakuwa yao.

Feki nazo zina madaraja, na ni muhimu kuyajua kwa sababu kila daraja linakamatwa kwa njia yake.

Ya chini kabisa ni shaba au chuma kilichochovywa rangi ya fedha. Kwa bei ya jumla, huko Uchina, hugharimu dola moja au mbili kipande, na wenyewe wanaiuza waziwazi kama pambo. Hakuna ubaya hapo. Ubaya unaanza pale mtu wa pili anapoipaka weusi, akaifukia kwenye udongo kidogo, na kuleta hadithi ya babu yake.

Daraja la kati ni shaba nyeupe, mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Hii sumaku haiivuti, rangi yake haichubuki haraka, na inawanasa wengi wanaodhani sumaku ndiyo mwisho wa upimaji. Jihadhari pia na majina matamu: vitu vingi vinavyouzwa kama fedha ya Tibet au fedha ya Kijerumani havina fedha ndani, au vina kiasi cha kuombea tu.

Daraja la juu ni lile lililopigwa kwa fedha halisi. Ndiyo, yupo anayetumia fedha ya kweli kughushi, kwa sababu sarafu adimu huuzwa mara kumi au mara mia ya fedha iliyomo. Hii inapita kwenye mizani, inapita kwenye maji, inapita kwa sonara. Inashindwa mbele ya mtaalamu tu, na mara nyingine mbele ya sarafu mbili zenye mkwaruzo uleule mahali palepale, maana zimetoka kwenye muhuri mmoja ulionakiliwa kutoka sarafu moja iliyokuwa na mkwaruzo. Ndiyo maana ushauri wangu kwa mwenye hela kidogo ni mmoja: nunua aina ya kawaida, ambayo haimlipi mghushi kutumia fedha ya kweli. Ukikaa kwenye Yuan ya kawaida na Panda, maadui wako ni madaraja mawili ya kwanza, na hao unaweza kuwakamata kwa vifaa vya bei ndogo.

Vifaa vyenyewe ni mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01, kalipa ya kupimia kipenyo, sumaku ndogo yenye nguvu, na lenzi ya kukuza mara 10. Mizani ni dola 10 hivi, kalipa kama hiyo, sumaku na lenzi ni dola chache. Ukiambiwa uchague kimoja tu, chukua mizani. Usichukue ya jikoni inayosoma gramu nzima, haitakusaidia chochote. Na uangalie uwezo wake: ile ya gramu 50 itashindwa kubeba kikombe cha maji, nawe kikombe unakihitaji. Chukua ya gramu 200 au 500.

Ukipima, Yuan Kichwa Kikubwa isome 26.4 hadi 26.9. Iliyochakaa sana inaweza kushuka kidogo, lakini ikiwa chini ya 26 anza kuuliza maswali. Kipenyo ni milimita 39. Vipimo hivi viwili lazima viende pamoja, na hapa ndipo mghushi anapobanwa. Fedha ni nzito kuliko shaba. Akitengeneza sarafu ya shaba yenye upana na unene sahihi, uzito utakuja gramu 22 au 23. Akitaka kufikisha 26.7, lazima aongeze unene. Kwa hiyo feki nyingi ama ni nyepesi, ama ni nene, na ukiiweka kando ya sarafu halisi unaona kwa macho.

Kipimo cha maji ndicho ninachokiamini kuliko vyote vya nyumbani, na hakikwaruzi kitu. Weka kikombe chepesi cha plastiki chenye maji juu ya mizani, bonyeza mizani isome sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayotokea ndiyo nafasi ambayo sarafu imechukua. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Sarafu halisi ya gramu 26.7 itasoma karibu 2.6, na jibu litakuwa 10.3 hivi. Ya shaba nyeupe itasoma zaidi ya 3, jibu 8.7 au karibu na hapo. Ya chuma itasoma 3.4. Panda, kwa kuwa ni fedha tupu, inatakiwa ijibu 10.5 kasoro kidogo. Ondoa mapovu yaliyong'ang'ania kwenye sarafu kwanza, maana yanaharibu hesabu, tena yanaifanya sarafu ya kweli ionekane feki.

Kipimo hiki kina mwanya mmoja: risasi ni nzito kuliko fedha, kwa hiyo mchanganyiko wenye risasi unaweza kulengwa ufike 10.3. Lakini sarafu ya risasi haina sauti. Isawazishe kwenye ncha ya kidole, iguse taratibu ukingoni kwa sarafu nyingine. Fedha inalia kwa sauti nyembamba inayodumu. Ya risasi inatoa mlio mfupi uliokufa. Usiidondoshe sakafuni kama wanavyofanya kwenye sinema. Ukiipasua ukingo umeinunua.

Sumaku inafaa kwa kufukuza chuma, basi. Ikinata, kazi imekwisha. Isiponata, hujajua chochote bado.

Lenzi peleka ukingoni kabla ya usoni. Mikato ya ukingo iwe imesimama wima, yenye nafasi sawa, imezunguka yote. Ukiona mstari unaozunguka katikati ya ukingo, au sehemu mikato imelala au kufifia kisha ikaanza tena, sarafu hiyo imemiminwa kwenye kalibu au imeunganishwa vipande viwili. Usoni tafuta vitundu vidogo kama vya mkate na nywele zilizoungana kuwa uvimbe mmoja. Uchakavu wa kweli unakula sehemu zilizoinuka kwanza, shavu, sikio, nywele. Feki iliyozeeshwa imefifia kote sawasawa, hata kwenye mabonde ambako kidole hakifiki. Weusi nao: wa kweli umekaa kwenye mikunjo na hautoki kwa kitambaa kilicholowa, wa kupakwa unabaki kwenye kitambaa.

Vipi kuhusu alama ndogo za mihuri zilizogongwa na wafanyabiashara wa zamani wa Kichina kuthibitisha fedha? Watu wanadhani ni dhamana. Zilikuwa dhamana kwa aliyezigonga. Leo zinagongwa kwenye feki pia, kwa hiyo zisikuongezee imani wala bei.

Tindikali ya sonara achana nayo kwa sarafu. Inahitaji mkwaruzo, na ukishakwaruza umekata bei kwa mkono wako. Mashine ya miale inayosoma madini haikwaruzi, na sonara mkubwa anaweza kuwa nayo na kukutoza ada ndogo, lakini inasoma ngozi ya juu. Sarafu iliyochovywa tabaka nene la fedha inaweza kuidanganya. Ukiipata mashine, itumie pamoja na mizani, isiwe badala yake.

Sasa tuje kwenye kununua wapi, maana hapo ndipo hela inapookolewa au kupotea.

Soko la vitu vya kale, kama Panjiayuan la Beijing, linapendeza kutembelea mwishoni mwa wiki. Bei ya kutajwa haina maana, unapunguziwa hadi robo na bado umelipa mara tano. Feki zimejaa, risiti hakuna, na kesho yake mchuuzi humwoni. Faida moja: unashika, unapima papo hapo. Mchuuzi akikukataza kutoa mizani yako, amekusaidia kuamua.

Mtandaoni, sarafu isiyo kwenye kasha lenye cheti ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Picha inaweza kuwa ya sarafu moja na utakachopokea kikawa kingine. Soma maelezo kwa makini kupitia programu ya kutafsiri. Yakiwa na neno gongyipin, kazi ya sanaa, au fuzhipin, nakala, muuzaji ameshajikinga: ukilalamika atasema alikuambia. Marekani ina sheria tangu 1973 inayotaka nakala za sarafu zigongwe alama ya kuonyesha kuwa ni nakala. Zinazokuja kwetu moja kwa moja mara nyingi hazina alama hiyo.

Sarafu iliyopimwa na kampuni ya kimataifa ya uthibitishaji, ikafungwa kwenye kasha gumu la plastiki lenye namba, ndiyo salama zaidi kwa sarafu za zamani. Ni ghali kuliko isiyo na kasha, na tofauti hiyo kwa mnunuzi asiye mtaalamu inalipa. Lakini makasha nayo yanaghushiwa. Ingiza namba kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, si kwenye kiungo alichokutumia muuzaji, kisha linganisha picha ya sarafu ile na uliyonayo: mkwaruzo kwa mkwaruzo, doa kwa doa. Namba kuwepo haitoshi, kwa sababu mghushi hunakili namba ya sarafu ya kweli. Kampuni ikiwa haina picha ya namba hiyo, tafuta nyingine.

Usiingie kwenye wazo la kununua isiyo na kasha kwa bei nafuu kisha uipeleke mwenyewe kuthibitishwa. Ada ni makumi ya dola kwa kipande, kuna uanachama, usafiri wa kwenda na kurudi, na bima. Kwa Yuan ya kawaida iliyochakaa, gharama hizo zinaweza kuipita sarafu. Na ikirudi imeandikwa si halisi, ada hairudi.

Panda mpya kutoka kwa muuzaji anayejulikana, benki au wakala rasmi, ndiyo ninayompendekezea mwenye hela kidogo anayetaka fedha ya Kichina bila kusoma vitabu. Unalipa juu ya bei ya fedha, lakini unajua unalipia nini, na uzito, kipenyo na maandishi vyote unavihakiki jikoni kwako. Usiitoe kwenye kasha lake la duara la plastiki. Ikikwaruzwa inakuwa fedha ya kuyeyusha tu. Panda ya miaka ya nyuma yenye bei ya adimu waachie wenye uzoefu.

Na kama unachotaka ni fedha yenyewe, si Uchina, kuna mzee mwingine wa kumfikiria: riale ya Maria Theresa, iliyotembea Zanzibar, Muscat na Ethiopia zama za mababu. Tarehe yake ni 1780 daima, hata ikitengenezwa juzi, na kiwanda cha Vienna bado kinaitengeneza. Uzito gramu 28.07, fedha 833 kwa 1,000, sawa na gramu 23.4 za fedha tupu, karibu sawa kabisa na Yuan Kichwa Kikubwa. Ya kawaida haina bei ya uadimu ya kumtamanisha mghushi wa daraja la juu, ingawa za shaba zipo, na kipimo cha maji kinazikamata vilevile. Kwa gramu ileile ya fedha, mara nyingi utalipa pungufu.

Sasa tuje kwenye gharama zinazojificha. Muuzaji anataja bei ya sarafu. Wewe uliza bei ya sarafu ikiwa mkononi mwako. Kuna usafirishaji wenye kufuatiliwa, bima, makato ya kubadilisha yuan kwenda dola kisha shilingi, ada ya mfumo wa malipo, na ushuru na kodi bandarini au uwanja wa ndege. Sarafu za fedha zina uainishaji wake wa forodha, kwa hiyo muulize wakala wako wa mizigo kabla, si mzigo ukishafika. Kwa kipande kimoja cha dola 40 gharama hizi zinaweza kula nusu ya hela. Kama lazima, agizeni pamoja watu watatu au wanne mgawane usafiri.

Njia ya kulipa nayo ni gharama. Kadi ya benki inakupa nafasi ya kudai urejeshewe. Uhamisho wa moja kwa moja au pesa ya simu kwa mtu binafsi ikienda imeenda. Muuzaji anayekupa punguzo la asilimia 10 ukilipa nje ya mfumo wa soko lake ananunua haki yako ya kudai, na anainunua kwa bei ya kutupa. Tazama pia sharti la kurudisha: likisema mzigo urudi Uchina kwa gharama ya mnunuzi, basi kwa sarafu ya bei ndogo hakuna kurudisha.

Gharama ambayo wengi hawaijui kabisa ni ya kisheria. Uchina kwa kawaida hairuhusu vitu vya kale vyenye thamani ya kihistoria vilivyotengenezwa hadi 1911 kutoka nje ya nchi, na baadhi ya vilivyotengenezwa hadi 1949 vina masharti. Maana yake joka halisi ulilolibeba mfukoni linaweza kukuletea maswali uwanja wa ndege na kubaki huko. Ikiwa feki umepigwa sokoni, ikiwa halisi unaweza kunyang'anywa mlangoni. Anayetaka sarafu ya kale ya Kichina afadhali anunue kwa muuzaji mwenye risiti aliyeko nje ya Uchina bara, kwa mfano Hong Kong, ambako pia hakuna kodi ya mauzo.

Fikiria na siku ya kuuza. Masonara wetu wengi shughuli yao ni dhahabu. Fedha wataichukua kwa bei ya kuyeyusha, wakikata na gharama zao, wala hawatakulipa chochote kwa ajili ya Yuan Shikai na masharubu yake. Mnunuzi wa kukulipa thamani ya ukusanyaji yuko mbali, na kumfikia kuna gharama zilezile ulizolipa kununua. Hela ya karo ya Januari isikae kwenye sarafu hizi.

Utunzaji ni nafuu ukijua cha kuepuka. Raba za kufungia, gazeti, na mifuko laini ya plastiki inayonuka vinaiharibu fedha. Kifuko kigumu cha sarafu na pakiti ndogo ya kunyonya unyevu vinatosha, hasa kwa tunaoishi pwani. Kung'arisha kwa dawa ya meno au majivu kunaondoa weusi na bei kwa pamoja, na mnunuzi anayejua ataona mistari ya kusugua kwa jicho la kwanza.

Mzigo ukifika, pima siku hiyohiyo. Piga video moja bila kukata, kuanzia bahasha ikiwa bado imefungwa, namba ya mzigo ikionekana, hadi sarafu inapokaa kwenye mizani na kwenye maji. Muda wa kulalamika kwenye masoko mengi ya mtandaoni ni siku chache tu tangu kupokea, na muuzaji mjanja atakuandikia ujumbe wa upole akikusihi usubiri wiki moja ashughulikie. Fungua madai kwanza, ndipo umjibu.